Vyungu vya Kuwapeleka Vijana Ng'ambo

Udongo wa kufinyangia una harufu yake, na harufu hiyo haifanani na ya udongo wa shambani. Wa shambani ukinyeshewa hunukia, mtu akauvuta puani kwa raha. Wa vyungu hunuka kama samaki aliyesahauliwa kapuni, hasa ukikaa siku kadhaa umefunikwa majani ya mgomba, na sisi watoto wa Ikombe tuliupenda hivyo hivyo kwa sababu tulizaliwa ndani yake. Nguo za mama zilinuka udongo, mkeka wa kulalia ulinuka udongo, hata maji ya kunywa. Sasa mwaka ninaotaka kuusimulia harufu hiyo ilizidi, maana kila nyumba ilikuwa inafinyanga kwa wakati mmoja, na hazikuwa zinafinyanga vyungu vya mboga wala vya maharage. Zilikuwa zinafinyanga vyungu vikubwa, mtoto wa umri wangu angeweza kuchuchumaa ndani asionekane. Nilijaribu kimoja, nikatolewa kwa kofi.

Kwa asiyekijua kijiji chetu niseme kidogo. Ikombe imebanwa kati ya mlima na ziwa, mlima umekuja mpaka karibu kabisa na maji, na ardhi ya kulima ni ya kuokoteza. Kwenda Matema, ambako barabara inaanzia, ni kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu pembeni ya mwamba, njia ambayo mbuzi wenyewe wanaifikiria kwanza. Kwa hiyo wanaume walivua na wanawake walifinyanga. Chakula cha shambani tulikipata kwa watu wengine, kwa vyungu. Na hapa ndipo pa kusikiliza, maana bila hili hadithi yangu haieleweki. Chungu chetu hakikuwa na bei. Bei yake ilikuwa tumbo lake. Mwenye nafaka anamimina nafaka mpaka inafika mdomoni, unachukua nafaka yako, naye anachukua chungu chake. Hakuna kujaza nusu. Mfinyanzi aliyekubali nusu alisemwa mpaka wajukuu wake wakasikia.

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, nikaacha kwa sababu ya kikohozi, halafu kikohozi kikaisha na shule haikurudi. Kwa hiyo haya ninayaandika kama ninavyoyasema, na mjukuu wangu ananinyooshea pale penye kupinda. Akinyoosha mno namwambia aache.

Basi, kanisani kwetu palikuwa na kwaya ya vijana. Dada yangu Gwantwa ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, sauti yake ilikuwa inatangulia na wengine wanaifuata kama bata. Wavuvi walileta ujumbe kutoka Malawi, upande wa Karonga, kwamba kanisa la kule limemaliza kujenga jengo jipya na wanaomba vijana wa Ikombe waje kuimba siku ya kulifungua. Nchi nyingine, jamani. Miaka ile mtu hakuvuka mpaka hivi hivi. Mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa seremala kwa kazi yake na hakuwa mwalimu wa kitu kingine chochote, alihangaika Kyela mjini mpaka akapata kibali, na kibali kilikuwa cha majina ya vijana wa kwaya, basi. Mzazi haruhusiwi, jirani haruhusiwi.

Mama alipolisikia hilo alikwenda nyuma ya nyumba akakaa. Mama yangu hakuwa mtu wa Ikombe. Alikuwa Mngonde wa huko huko Karonga, baba alimpata alipokwenda kuvua upande ule, akamleta kwa mtumbwi, na tangu hapo hakurudi kwao. Kufinyanga alijifunzia ukubwani. Wanawake wa Ikombe wanajifunza wakiwa wanatambaa, kwa hiyo walimwona kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Vyungu vyake waliviita vyungu vya mtu wa ng'ambo, na kama kimoja kilipasuka motoni husikii mtu akiuliza ni cha nani. Na mwaka huo wavuvi hao hao walikuwa wameleta neno jingine: bibi yetu, mama yake mama, hainuki tena kitandani, na kila mgeni akiingia anauliza kama ni binti yake amekuja.

"Wewe utakwenda," mama alimwambia Gwantwa. "Utaimba ukimaliza utatafuta nyumba. Umtazame vizuri, ili ukirudi nikuulize."

Lori la kuwapeleka lilikuwa la mzee mmoja wa Kyela mjini, Mzee Lusekelo, mnene, mpole wa maneno na mgumu wa kila kitu kingine. Alikubali kulipwa mpunga, yeye angekwenda kuuuza Mbeya. Alitaka gunia moja kwa kila kijana. Hapo ndipo Bibi Kisa, mkuu wa akina mama wa kanisa, alipopata wazo lake. Bibi Kisa alikuwa mwembamba, mrefu, na hakuna aliyemshinda kufinyanga, na akisema jambo alilisema kama limeshatokea. Alisema tukitengeneza vyungu vya kawaida tutahangaika navyo mwaka mzima. Tutengeneze chungu cha kumeza gunia. Chungu kimoja, gunia moja, mtoto mmoja. Kila nyumba yenye kijana kwenye kwaya ifinyange chungu chake, na nyumba ambayo chungu chake hakikujazwa, kijana wake anabaki. Hapo hakuna wa kumlalamikia mwenzake.

Lilikuwa wazo zuri sana kwa mtu anayeishi kwa vyungu. Watu walipiga vigelegele. Baba yangu peke yake, ambaye hakuzoea kuongea kwenye kikao, aliuliza kwa sauti ndogo, "Na huyo mnunuzi, atapika nini humo?" Wakamwambia aende akashone nyavu zake. Akaenda.

Kufinyanga chungu kikubwa si kufinyanga kidogo mara kumi. Chungu kidogo unakiinua kwa mkono mmoja ndani na mmoja nje, unazunguka nacho, kinapanda. Kikubwa lazima usimame, ufike mahali uache ukuta wa chini ukaze, kesho uongeze wa juu, na pale kesho inapokutana na leo ndipo penye kazi. Ukiongeza mapema ukuta unakaa chini kama mlevi. Ukichelewa, udongo mpya unagoma kushikana na wa zamani. Wenyeji walijua saa yake kwa kugusa kwa kucha. Mama aligusa kwa kucha, akauliza, akaambiwa, "Utajua tu." Chungu chake cha kwanza kilianguka usiku tukasikia kishindo kama ng'ombe amejibwaga. Cha pili kiliegemea. Cha tatu aliacha ukuta wa chini ukaze, na siku hiyo upepo wa mwera ukawa unavuma toka ziwani, unakausha kila kitu, hata midomo. Alipoongeza wa juu nilimwona anabonyeza pale kwenye kiungo mara nyingi kuliko kawaida. Kazi yangu mimi ilikuwa kusugua kwa kokoto laini mpaka king'ae. Nilisugua mpaka nikajiona usoni, au nilidhani najiona.

Siku ya kuchoma akina mama wote wanachoma pamoja, ufukweni, vyungu vimefunikwa kuni na nyasi kavu, mlima mdogo wa moto. Mwanamke asiyeitwa kuchoma pamoja na wenzake, huyo ametengwa, hahitaji kuambiwa. Tulikaa mbali kidogo tukisikiliza. Chungu kikipasuka motoni kinasema, na kila mama aliposikia mlio alifumba macho. Vitatu vilipasuka. Nyasi zilipoungua na majivu yakatulia, kimojawapo kilikuwa cha Bibi Kisa mwenyewe, cha kumpeleka mjukuu wake wa kiume, kijana wa sauti nzito aliyelelewa naye. Kila mtu alimtazama. Alikisukuma kigae kwa ncha ya fimbo.

"Basi," alisema. "Wa kwangu anabaki."

Yule kijana aliondoka akaenda kukaa kwenye mitumbwi. Mama mmoja akamwambia, Bibi, wewe ndiye uliyeweka sheria, wewe unaweza kuilegeza. Bibi Kisa akamjibu, "Nikilegeza kwa wa kwangu, nitakaza kwa wa nani?" Nimelisema hili mapema ili msimwone vibaya nitakapofika mbele. Hakuwa mtu mbaya.

Cha mama kilitoka kizima. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia, akakigonga tena. Nilimwona Gwantwa anacheka peke yake.

Tukavipeleka Matema kwa mitumbwi, chungu kimoja mtumbwi mmoja, kimefungwa kwa kamba kama mwendawazimu, na mwera ukirusha maji ndani. Mimi nilikuwa mtumbwi wa baba, kazi yangu kukumbatia chungu. Baba alipiga kasia, na tulipokaribia ufukwe alisema, "Samaki ana akili, hakui kuliko sufuria." Matema tukavipakia kwenye lori la Mzee Lusekelo, tumevitandikia majani ya mgomba, na akina mama wakakaa katikati yake kila mmoja ameshika cha kwake, na vijana wa kwaya nao wakapanda kwa sababu Bibi Kisa alitaka wanunuzi waone wanamimina kwa ajili ya nani. Baba alikataa kupanda lori. Maisha yake yote hakupanda gari. Alisema kitu kisichoelea hakiamini.

Tulikwenda Ngonga, maana ndiko mpunga uliko, na ilikuwa wakati wa kuvuna. Majaruba yamekatwa, mashina yamebaki yananukia, kila ua una lundo la mpunga na kuku wanapigwa mawe. Tulishusha vyungu karibu na kanisa la pale, vikapangwa, vyekundu, vinang'aa. Watu wakaja. Kwanza walisifia. Halafu mama mmoja mfupi mwenye kitambaa cha njano, jina lake Mama Subi, ambaye niligundua baadaye kwamba ndiye aliyekuwa akisikilizwa pale, akazunguka chungu kimoja akachungulia ndani.

"Ndaga," akasalimia. "Sasa hiki ni chungu au mmetuletea nyumba?"

Watu wakacheka.

"Ni chungu," alisema Bibi Kisa.

"Nikikijaza nitabaki na mpunga wa kula au nitakula chungu?"

"Bei ya chungu unaijua, mama. Ni tumbo lake."

"Naijua. Nipunguzieni tumbo basi. Nijaze mpaka hapa." Akaonyesha nusu kwa kiganja.

Bibi Kisa akageuza uso. Mmoja wa kwetu akamwambia Mama Subi kwamba Ikombe haijawahi kuuza nusu chungu, na Mama Subi akasema Ngonga haijawahi kununua nyumba. Walikuwa wanacheka wakati wanayasema hayo, lakini kicheko kilikuwa kinapungua. Mzee Lusekelo alikuwa ameegemea tairi anachokonoa meno. Alikuwa amesema toka asubuhi: jua likienda upande wa milimani na magunia hayajapakiwa, yeye anabeba mpunga wa watu wengine waliokwisha kumwomba, na safari ya Malawi wakatafute lori lingine. Hapakuwa na lori lingine.

Jua likapanda likasimama likaanza kushuka. Watu wa Ngonga walirudi kwenye kazi zao, wakija mmoja mmoja kuchungulia na kuondoka. Akina mama wetu walikaa kila mmoja kwenye kivuli cha chungu chake, kwa kuwa vilikuwa na kivuli kikubwa. Mwalimu wa kwaya akawaambia vijana waimbe, wakaimba nyimbo mbili, zikapokelewa vizuri, mtu mmoja akaleta ndizi mbivu. Mpunga hakuna aliyeleta. Mama alikuwa anamtazama Gwantwa wakati anaanzisha, halafu anatazama jua. Mimi nilikuwa nabana mkojo kwa woga, nisione aibu kulisema, nilikuwa mtoto.

Jambo lilianzia kwenye utani. Kikongwe mmoja wa Ngonga, amebeba ungo, alisimama mbele ya vyungu akatikisa kichwa akasema, "Labda tufe wengi. Tukifa wengi tutapata cha kupika humo." Wakacheka tena. Mama Subi naye akacheka, halafu akaacha. Akauliza wenzake, "Msiba wa juzi tulipikia wapi?" Wakasema tulipikia kwenye mapipa ya yule bwana. Bwana gani nilisahau jina lake, nafikiri walimchukia wote, maana alikuwa anaazima mapipa msibani na anayasema miezi yote inayofuata. Mama Subi akasema, "Kumbe." Akaita wanawake pembeni. Waliongea kwa muda, wakikatana maneno. Waliporudi alisema kitongoji kimoja kitachukua chungu kimoja, kiwe cha misiba na arusi, na kila mama wa kitongoji atamwaga ungo wake mpaka kijae.

"Mpaka mdomoni?" Bibi Kisa akauliza.

"Mpaka mdomoni. Tumechoka kuombaomba mapipa."

Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona na sijakiona tena. Wanawake wanakuja kwa mstari toka kila upande wa majaruba, kila mmoja na ungo au kapu kichwani, wanamimina, vumbi la mpunga linapanda, wengine wanamimina na kutaja jina la marehemu wao. Chungu kilipojaa kilipigwa vigelegele, mpunga ukahamishiwa kwenye gunia, Mzee Lusekelo akalinyanyua kidogo kupima kwa mgongo wake, akasema, "Weka." Jina la kijana likaitwa, kijana akapanda juu ya lori. Kimoja, kingine, kingine. Chungu cha mama kilikuwa cha mwisho kwa sababu ndicho walichokiamini kidogo kuliko vyote, na kitongoji kilichobaki kilikuwa cha Mama Subi.

Waliomimina wa kwanza walimimina taratibu. Kilipofika nusu mama alishika ukingo kwa mikono miwili. Kilipofika kwenye kiungo, pale alipobonyeza sana, nilisikia kitu kama mtu anavunja kidole. Mama alisikia pia. Alikaza mikono. Mama Subi akaja na ungo wake wa mwisho, akamimina, na mpunga ukafika mdomoni, ukawa umefika kabisa, nilikuwepo, na hapo ukuta wa juu ukaondoka mzima kama kifuniko na mpunga ukamwagika chini pande zote, kwa sauti ya mvua.

Kwa desturi yetu chungu kikivunjika wakati kinajazwa, hasara ni ya mfinyanzi. Nafaka inarudi kwa aliyeimimina, na mfinyanzi anaokota vigae vyake anakwenda. Mama Subi alikuwa bado ameshika ungo mtupu. Alitazama chini, akamtazama mama, akamtazama Gwantwa, ambaye alikuwa amesimama karibu na gurudumu la lori na mguu mmoja tayari kwenye bati la kupandia.

"Kilijaa," alisema Mama Subi. "Mimi nimemimina na kilijaa. Uchukueni tu, ni wa watoto."

"Hapana," alisema Bibi Kisa. Hakupaza sauti. "Hatuwezi. Kesho itasemwa kwamba Ikombe inauza vigae. Tutaishi kwa nini? Mpunga urudi kwa wenyewe." Akamgeukia mama, na nakumbuka hakukwepa macho yake. "Mama Gwantwa, pole. Wa kwako anabaki, kama wa kwangu alivyobaki. Jina la Ikombe ni kubwa kuliko mtoto mmoja."

Mama alikuwa amepiga magoti tayari, nilidhani ni kwa uchungu. Kumbe alikuwa anatandika khanga yake.

"Bibi," alisema, "tangu niolewe mnaniambia mimi si mtu wa Ikombe. Chungu changu si cha Ikombe. Mikono yangu si ya Ikombe. Sawa. Basi leo jina lenu liko salama, maana si Ikombe inayookota hapa. Anayeokota ni mtu wa ng'ambo." Akaanza kukusanya mpunga kwa viganja viwili.

Nilipiga magoti nikakusanya naye. Mama Subi akapiga magoti, na yule kikongwe, na wanawake wengine wa kitongoji kile. Wa kwetu walisimama. Ninaikumbuka miguu yao, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naiona. Gwantwa hakusogea, alikuwa ameuficha uso kwenye mbao za lori, na mimi nilimkasirikia, lakini alikuwa na miaka kumi na saba, na wenzake wote walikuwa juu wanamtazama. Mpunga ukaingia gunia. Mzee Lusekelo akalinyanyua, akaingiza mkono, akatoa, akatazama.

"Lina mchanga."

"Nitapepeta," mama akasema. Akaazima ungo, akapepeta gunia zima pale pale, jua likienda milimani, na Mzee Lusekelo akangoja. Sijui kwa nini alingoja. Labda na yeye alikuwa na mama. Mwalimu wa kwaya akaita jina la Gwantwa huku akitazama pembeni ili asikutane na macho ya Bibi Kisa, na Bibi Kisa hakumzuia. Mama aliacha vigae. Mama Subi akasema ataweka maji ya kuku kwenye kile cha chini.

Tuliporudi nyumbani kungoja siku ya safari, Gwantwa alisema haendi. Wenzake walikuwa wameshampa jina, mtoto wa vigae, na alilia mpaka sauti yake ile ikakwaruza. Alisema hataki kwenda kuimba kwa mpunga uliookotwa chini.

"Sikukuuliza kama unataka," mama alimwambia. "Kunywa maji ya moto, sauti irudi."

Akaenda. Walivuka kwenye Mto Songwe, pale Kasumulu, lori lote linaimba, nasikia askari wa mpakani waliwaomba warudie wimbo. Walikaa huko kama wiki moja. Aliporudi mama hakumwuliza kitu mpaka alipomaliza kula. Halafu akauliza mambo ambayo mimi nisingeyauliza. Meno anayo? Anaogeshwa na nani? Anafunikwa na nini? Gwantwa akajibu yote. Kisha akasema kwamba bibi hakuona vizuri, alimshika uso kwa vidole, akamwita kwa jina la mama. Akasema, umekuja. "Nikaitika," Gwantwa akasema. "Nilifanya vibaya?" Mama akauliza tena kuhusu blanketi, ni zito au jepesi. Mvua zilipoanza wavuvi wakaleta habari kwamba bibi amezikwa.

Kuhusu yale ya Ngonga hakuna aliyemgombeza mama. Ila walipochoma tena hawakumwita. Alichoma peke yake, moto mdogo upande wa pili wa mawe, na moshi wake ulionekana tofauti na wa wenzake, kila mtu akijua ni wa nani. Hiyo ilikwenda muda mrefu, mimi nikaanza kuota matiti ikiwa bado inakwenda. Asubuhi moja Bibi Kisa alisimama mlangoni kwetu, amezeeka, akasema, "Leo tunachoma," akaondoka bila kungoja jibu. Mama akabeba vyungu vyake akaenda. Kama walizungumza zaidi ya hapo, walizungumza mimi sipo.

Sasa hivi mjukuu wangu, huyu anayeninyooshea maandishi, yuko kwenye kwaya, na kwaya yao inakwenda Malawi mwezi ujao, kwa basi lenye viti vya kitambaa. Michango wamechanga kwa simu. Wameunda kundi, mtu akituma jina lake linatokea, wengine wanaweka picha za mikono inayopiga makofi. Watoto wa Ikombe walioko Dar es Salaam na Mbeya wametuma, hata wale ambao hawajawahi kushika udongo. Mimi nilimpa mjukuu hela akanitumia, na mikono ikanipigia makofi mimi pia. Nidanganye kwamba zamani ilikuwa bora? Hapana. Hakuna mwanamke aliyepiga magoti mwaka huu. Lakini kuna mtoto wa jirani yangu, mama yake hakuweza kuchanga, na huyo alijua kwamba haendi pale alipoona ametolewa kwenye kundi. Simu ilinyamaza, basi. Hakuna aliyekuja kusimama mbele ya mama yake akamwambia, pole, wa kwako anabaki, akamtazama usoni wakati anasema. Na kwa kuwa hakuna aliyesimama, mama yule hakupata wa kumjibu. Nimemwona anafua nguo zilezile kila siku.

Mpaka nao umekuwa mwepesi. Watu wanavuka Kasumulu asubuhi na viazi wanarudi mchana na sukari. Mama angeweza kuvuka, mambo yalipolegea alikuwa bado ana nguvu. Tulimwambia. Alisema wa kumwona hayupo. Mimi nilivuka nikiwa mtu mzima, baada ya kumzika yeye na baba, nikatafuta nyumba nikaipata. Walinipokea vizuri mno, wakachinja kuku. Ndugu mmoja wa kike wa huko, mzee kuliko mimi, alinishika mkono akanipeleka kwenye kaburi la bibi, akanieleza jinsi alivyokufa ametulia. Akasema alikuwa anamngoja binti yake, na binti yake alikuja. Alivuka ziwa akaja, akakaa kitandani pake, akamwimbia. "Tulikuwepo," akaniambia. "Sauti ya mama yako ilikuwa nzuri sana."

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa nzuri. Tukarudi kula.